Programu Isiyofuta Deni

Tumpe hakuwahi kuogopa hesabu. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, na katika miaka hiyo yote hakikupotea kijiko ambacho hakujua kimepotelea mikononi mwa nani. Walipompunguza kazini alichukua mafao yake, akanunua viti hamsini vya plastiki, turubai moja na masufuria mawili ya kupikia wali wa watu mia, akavipanga sebuleni kwake Iyunga na kuandika kwenye kibao cha getini: VYOMBO VYA SHUGHULI VINAKODISHWA. Sasa viti vimefika mia tatu na ishirini, maturubai sita, na sebule imegeuka stoo. Wageni hukaribishwa jikoni, na asiyependa kukaa jikoni basi hana njaa.

Aliyemtafutisha programu ya hesabu ni wifi yake, Evarista, dada wa mumewe Joachim. Evarista alikuwa muuguzi Iringa mpaka alipostaafu mwaka huu, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimetoka. Milioni kumi na mbili alikuwa tayari kuziweka kwenye biashara ya Tumpe: zinunuliwe maturubai mapya na viti, kisha wafungue na tawi nyumbani kwake Kihesa. Lakini alikuwa na sharti. Zamani aliwahi kufungua duka la vitenge na rafiki yake wa kanisani, na huyo rafiki aliandika hesabu kwa penseli, na penseli ina rafiki yake anaitwa ufutio. Duka lilikufa, urafiki ukafa, na Evarista akabaki na vitenge vinne ambavyo hata kuvivaa vinamkera.

"Wifi, mimi nataka kitu ambacho kikishaandikwa, hata aliyeandika hawezi kukifuta," alisema kwenye simu. "Na nikiwa Iringa nifungue simu yangu nione kila kiti kiko wapi. Kama hakipo, nanunua kiwanja, tunabaki mawifi wa kusalimiana."

"Kitu hicho kipo," Tumpe akamjibu. "Njoo Ijumaa ya mwisho wa mwezi ukione mwenyewe."

Alisema hivyo kabla hajajua kama kipo. Ndivyo alivyo. Na fedha hizo alizitaka kweli, maana maturubai mawili yalikuwa yameanza kuvuja, na alikuwa amechoka kuona bibi harusi akinyeshewa chini ya kitu chenye jina lake.

Akaanza na programu ya bure, ile ambayo kila mtu anayo kwenye simu. Aliijaribu kama anavyojaribu sufuria jipya sokoni, yaani kwa kuligeuza kwanza kitako. Akaingiza kazi za wiki moja tu. Programu ile ilidhani kila kiti kinachotoka kimeuzwa, na kikirudi ikadhani amenunua kingine. Kufikia Jumapili ilimwambia kwamba ana viti hasi mia mbili na kumi, na juu yake ikamwekea tangazo la mafuta ya nywele. Tumpe akaifuta kwenye simu bila hata kuiaga.

Ya pili aliipata kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nzuri, ina rangi, ina michoro ya kupanda na kushuka, lakini ilitaka intaneti kila dakika, na ilitaka kila kitu kiwe na namba ya mistari kama sabuni ya dukani. "Sasa mwiko wa kusongea ugali nitaubandika mistari wapi?" akamuuliza yule bwana.

Ya tatu ilikuwa ya Jailos, kijana mwenye kiofisi cha kompyuta Mwanjelwa, aliyeitengeneza mwenyewe kwa ajili ya watu wa kukodisha pikipiki.

"Mama angu, hii ni moto," Jailos akamwambia. "Kitu kinatoka, kinarudi. Kisiporudi tarehe uliyoandika, zikipita siku mbili faini inajihesabu yenyewe, haiangalii bei. Saa sita mchana ya siku hiyo mteja anapigwa meseji, wewe umekaa zako unakunywa chai. Na hakuna kufuta. Ukiandika umeandika. Labda mimi kama msimamizi, nikiombwa."

"Na akilipa?"

"Unabonyeza amelipa. Risiti inamfuata kwenye simu."

Tumpe aliligeuza na hilo sufuria. Akaandika viti ishirini vimeenda kwa mtu asiyekuwepo, akajaribu kuvifuta, programu ikamkatalia. Akajaribu kubadilisha tarehe, ikamkatalia. Akafurahi kama mtu aliyekutana na mtunza stoo mwenzake. Akalipia miezi mitatu, akarudi nyumbani na kompyuta ya mkononi ya kukodi, na kwa siku tatu aliingiza daftari zima, wateja mia na arobaini, kila mmoja na namba yake ya simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, lakini hawakuwahi kuona daftari linalodai lenyewe.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukifikiria, na mtu wa mji mwingine asingekuwa na sababu ya kukifikiria. Tumpe hatozi msiba. Harusi analipisha, kipaimara analipisha, mkutano wa chama analipisha mara mbili. Msiba, hapana. Akija mtu getini kusema fulani ametutoka, vyombo vinatoka, na hakuna anayetaja bei. Tena vyombo vya msiba huandikwa kwa jina la marehemu. Ataandika jina la nani mwingine? Anayekuja kuchukua turubai asubuhi ni mpwa, anayeongeza viti jioni ni jirani, anayerudisha masufuria ni mtu wa jumuiya ambaye hata hamjui. Jina ambalo wote wanalijua ni la yule aliyelala. Miaka tisa aliandika hivyo kwenye daftari, na daftari halikuwahi kumpigia mtu simu.

Jumanne ya wiki ile ile akafariki Mzee Fanueli, fundi saa wa Mwanjelwa aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwa Tumpe. Mzee huyo alisifika kwa jambo moja kuliko hata ufundi wake: hakudaiwa. Nyanya ya shilingi mia alikuwa hakopi. Mwaka jana alipomfanyia binti yake sherehe ya kumuaga, alilipia vyombo kabla hata havijapakiwa kwenye mkokoteni.

Jumatano asubuhi yakatoka maturubai mawili, viti themanini na masufuria makubwa matatu. Tumpe akaandika kwenye programu "Fanueli", na programu, kwa akili zake, ikamletea Fanueli wa mwaka jana na namba yake ya simu. Akabonyeza. Bei akaweka sifuri. Tarehe ya kurudisha akaweka Alhamisi, kwa sababu mazishi yalipangwa Alhamisi. Akafunga kompyuta, akajifunga kitenge, akaenda msibani kumenya ndizi na wenzake.

Alhamisi mazishi yakasogezwa. Aroni, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuwa njiani anatoka Mwanza, basi lake likaharibika, familia ikasema hatumziki baba bila mwanawe. Ikawa Jumamosi. Kwa kusogezwa mazishi mtu huongeza kuni, haendi kufungua kompyuta.

Ijumaa jioni Evarista akashuka kwenye basi la Iringa na begi moja na mfuko wa viazi.

"Kamwene, wifi."

"Kamwene. Umefika na msiba, mama. Kesho tunazika, kisha tutazungumza."

Lakini Evarista hakuwa mtu wa kusubiri. Kabla hajamaliza chai alitaka kuiona programu, na Tumpe akamwonyesha kwa madaha. Alimpa afute kitu, Evarista akashindwa. Tumpe hakuficha kwamba Jailos akiombwa anaweza. Alimwonyesha viti vya harusi ya Uyole, vya kipaimara, vya chama cha akina mama. Evarista alivuta miwani karibu, akaanza kutabasamu taratibu, kisha akafika kwenye mstari wa Fanueli na tabasamu likaishia hapo.

"Sifuri?"

"Msiba huo."

"Maturubai mawili, siku nne, sifuri? Wifi, turubai linachakaa, halijui kama ni msiba au harusi."

"Mimi najua."

Evarista akaandika kitu kwenye kijitabu chake, na Tumpe akakiona kile kijitabu kama alivyokuwa akiuona mfuko wa mkaguzi pale shuleni. Kesho baada ya mazishi jibu lingetoka. Alilala vizuri tu. Alijua amepata programu nzuri, na mwenye kitu kizuri hana haja ya kukesha.

Jumamosi uwanja wa Mzee Fanueli ulijaa mpaka barabarani. Ibada ilikwisha, jeneza lipo katikati chini ya turubai la Tumpe, na kabla mwili haujaondoka kwenda makaburini akasimama msemaji wa familia, Yohane, mdogo wa marehemu. Mkononi alishika simu ya kaka yake, kwa sababu rambirambi zilikuwa zinatumwa kwenye namba hiyo, na tangu asubuhi kila meseji ikiingia aliisoma kwa sauti, jina na kiasi, watu wakaitikia kwa kushukuru.

"Ndugu waombolezaji," Yohane akasema, "kama desturi yetu, yeyote anayemdai marehemu asiondoke kimya, aje kwa familia. Ingawa kaka yangu mnamjua wenyewe. Sisi tunavyojua, hadaiwi na mtu."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Simu ikalia. Yohane akaisogeza mbali na macho, akasoma kama alivyosoma zile nyingine.

"Ndugu Fanueli. Unadaiwa na Tumpe Vyombo vya Shughuli shilingi elfu themanini na nne, faini ya kuchelewesha. Lipa leo kuepuka..."

Akaishusha simu. Saa ilikuwa sita kamili.

Watu mia tatu walimgeukia Tumpe, na kiti alichokalia kilikuwa chake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza alitamani kingekuwa cha mtu mwingine. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Pembeni yake Evarista alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba, anatazama mbele.

Tumpe akasimama. Hakungoja kuitwa.

"Mama Aroni," akamwambia mjane, "na familia, na nyote. Hilo deni halipo. Mimi sitozi msiba, mnanijua. Nimeleta mashine mpya ya hesabu, nikaandika jina la mzee kama ninavyoandika siku zote, nikasahau kwamba hii inadai yenyewe. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Naomba mnisamehe."

Baadhi ya wazee wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Lakini Alinanuswe, Mama Aroni, alikuwa ameshashika pindo la kitenge chake, anafungua fundo.

"Ndaga, asante mama, nimekusikia," akasema. "Ila limesomwa. Watu wote wamelisikia. Huyu mtu miaka arobaini na mmoja hajawahi kuniletea mgeni wa kudai mlangoni. Nitalipa. Hatoki hapa na deni."

"Siwezi kupokea, Mama Aroni. Nikipokea nitakuwa nimeuza msiba."

"Basi lifute. Hapa hapa, kama lilivyosomwa."

Tumpe akatoa simu yake, akafungua programu mbele ya macho ya mtaa mzima. Akabonyeza jina, akabonyeza futa. Ikamwandikia kwamba deni haliwezi kufutwa. Akabonyeza tena, ingawa alijua. Kile alichokisifia jana kwa madaha kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri kabisa.

Angeweza kumpigia Jailos. Namba ilikuwa hapo hapo, na Jailos angefuta kwa nusu dakika. Kidole kilikwenda kwenye namba, kikasimama. Kisha akaihamishia simu mkono wa kushoto, akafungua pochi yake ya kifuani, ile ya fedha zake mwenyewe, alizoweka za kununulia mbolea ya bustani. Akahesabu noti nane za elfu kumi, akaongeza mbili za elfu mbili. Akazitoa kwenye pochi ya kifuani, akazitia kwenye mkoba wa biashara uliokuwa begani, watu wote wakiona.

"Dawa ya deni ni kulipa," akasema. "Nimeliandika mimi, nalilipa mimi."

Akabonyeza amelipa.

Simu mkononi mwa Yohane ikalia. Yohane akamtazama shemeji yake kwanza. Mama Aroni akamwambia, "Soma."

"Ndugu Fanueli. Tumepokea shilingi elfu themanini na nne. Huna deni." Alikuwa mtu mkweli, na alikuwa ameambiwa asome. "Karibu tena."

Aliyeanza kucheka hakujulikana, huenda alikuwa mzee mmoja wa nyuma. Lakini aliyecheka kweli alikuwa Mama Aroni mwenyewe, alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, na kilio hicho ndicho alichokuwa amekizuia tangu Jumanne. Wanawake wakamzunguka. Aroni, aliyefika alfajiri na bado hajabadilisha shati la safari, akamkumbatia mama yake. Mchungaji akasubiri, kisha akasema twendeni tukampumzishe, na wabebaji wakainua jeneza.

Saa kumi watu walikuwa wamerudi kutoka makaburini, wamekula, wengi wameshaondoka. Tumpe na Evarista walikuwa uani kwa marehemu wanaosha masufuria kwa majivu na matete, mikono imejaa masizi.

"Yule kijana alisema anaweza kufuta," Evarista akasema hatimaye. "Uliniambia mwenyewe jana. Mbona hukumpigia?"

"Angefuta."

"Na ungebaki na elfu themanini na nne zako."

"Ningebaki nazo. Halafu mwezi ujao nikikuambia programu hii haifuti kitu, ungenitazama usoni ukaniamini?"

Evarista akasugua kitako cha sufuria.

"Nimeshachagua," Tumpe akaendelea. "Ni hii ya Jailos. Jumatatu nitamwambia aondoe meseji, mteja wangu nitampigia mwenyewe kwa sauti yangu. Harusi, kipaimara, mikutano, yote humo, usiku na mchana utaona ukiwa Iringa. Misiba nairudisha kwenye daftari. Haitaingia kwenye programu tena."

"Daftari la kalamu au la penseli?"

"La kalamu."

"Wifi, hilo ni tundu. Mtu akitaka kuiba ataandika harusi kuwa msiba, vyombo vinatoka sifuri, fedha mfukoni."

"Anaweza."

"Na mimi nikiwa Iringa nitajuaje?"

Tumpe angeweza kusema mengi. Angeweza kuahidi picha, kuahidi mashahidi, kuahidi taarifa za kila wiki. Aliinua sufuria, akamwaga maji, akaliegemeza ukutani likauke.

"Hutajua," akasema.

Milioni kumi na mbili zilikuwa zimesimama hapo kati yao, na wote wawili waliziona. Evarista akanawa mikono polepole, akajifuta kwa kanga, akaenda kwenye viti vilivyokuwa vimepangwa kwenye uzio, kumi kumi. Akaanza kuhesabu kwa kugusa kila kimoja. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Ndivyo alivyohesabu vidonge vya wagonjwa miaka thelathini, na hakuwahi kukosea.

"Sabini na tisa," akasema.

Tumpe akamwonyesha kwa kidevu. Barazani Mama Aroni alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki cha bluu, amenyoosha miguu, simu ya mumewe iko mapajani. Alikuwa anaisoma tena ile meseji, midomo ikitembea.

Evarista alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kijitabu, akaandika themanini.

"Vimetimia," akasema. "Jumatatu twende benki, halafu tumpitie huyo Jailos wako."

Akashika sikio moja la sufuria kubwa, Tumpe akashika la pili, wakalibeba kuelekea getini.